Redis, Memcached, databezi au brauza: kache ipi inaisha muda kwa wakati, na uchague ipi

Ukiuliza hapa mjini "nataka kitu kiishe muda baada ya dakika kumi kamili, niweke Redis, Memcached au kwenye databezi tu", utapewa majibu ya kishabiki kama ya Simba na Yanga, kila mtu anatetea alichokizoea kazini kwake. (Kache ni hifadhi ya haraka ya muda mfupi, Redis na Memcached ni programu za seva zinazofanya kazi hiyo kwa kuweka vitu kwenye RAM.) Mimi naona swali lenyewe limeulizwa nusu. Kabla hujachagua inabidi ujue vitu viwili: saa inayohesabu ni ya nani, na muda ukifika mwisho kinatokea nini hasa, kile kitu kinaacha kuonekana au kinafutwa kabisa, maana hivi ni vitu viwili tofauti na watu wengi wanavichanganya alafu wanailaumu Redis bure.

Ntalinganisha kwa kazi ambazo developa wa Dar anakutana nazo kweli: kushikilia kiti cha basi wakati abiria analipa kwa simu, kuonyesha bei kikomo za mafuta za EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), na OTP (namba ya siri ya kutumia mara moja). Zote ni "weka kitu kiishe muda", ila kila moja inataka usahihi wa aina yake.

Redis na Memcached, hapa ndo kwenye ubishi

Redis inahesabu kwa milisekunde. Zamani, toleo la 2.4, kitu kingeweza kuchelewa kuisha mpaka sekunde nzima, ila kuanzia 2.6 kosa limebaki kati ya 0 na milisekunde 1. Amri ya EXPIRE inapokea sekunde, PEXPIRE inapokea milisekunde, lakini ndani zote zinaishia kuandikwa kama tarehe na saa kamili ya mwisho, milisekunde tangu 1 Januari 1970. Yani Redis haikai inahesabu kushuka 600, 599, 598, hapana, inaandika tu "huyu mwisho wake saa fulani" alafu kila ukimsoma inaangalia saa ya mashine kama imepita. Ikipita unajibiwa hamna kitu.

Memcached, ile aliyoianzisha Brad Fitzpatrick mwaka 2003 kwa ajili ya LiveJournal, ni ya sekunde nzima, na hizo sekunde zenyewe zinakwenda kwa kuruka. Ndani yake kuna kihesabu kinachoongezeka mara moja kila sekunde, katikati ya hapo hakijui chochote. Sasa chukulia umeweka kitu kiishe baada ya sekunde 1, na umekiweka wakati kihesabu kinasoma 100 lakini kiuhalisia muda umeshafika 100.9. Memcached inaandika mwisho ni 101. Sehemu moja ya kumi ya sekunde baadae kihesabu kinaruka kwenda 101 na kitu chako kimeshaondoka. Umeomba sekunde 1 umepewa 0.1. Kwa dakika kumi hiyo tofauti hata hutaiona, ila wapo wanaoweka sekunde 1 ili mteja asibonyeze "Lipa" mara mbili, na hao inakula kwao, tena kwa namna ambayo haijirudii kila ukijaribu kwahiyo bagi lenyewe halikamatiki.

Mpaka hapo Redis inaongoza. Upande wa saa mambo yanageuka.

Kihesabu cha Memcached kwenye Linux kinafuata ile saa ya ndani ya mfumo inayosonga mbele tu tangu mashine iwake, haijali leo ni tarehe ngapi, ukibadilisha tarehe ya seva yenyewe inaendelea kuhesabu kama kawaida. Redis inategemea saa yenye tarehe. Maelezo rasmi ya Redis yenyewe yanalisema hili bila kuficha: ukiweka kitu kiishe baada ya sekunde 1000 alafu ukaisogeza saa ya mashine mbele sekunde 2000, kitu kinaisha hapo hapo. Na ukihamisha faili la RDB (nakala ya deta ya Redis iliyoandikwa kwenye diski) kutoka seva moja kwenda nyingine ambazo saa zao hazilingani, unaweza kuwasha ukakuta vitu vyote vimeshaisha muda.

Kwa seva iliyokodishwa huko nje hili halikusumbui sana, saa zao zinasawazishwa muda wote. Ila tuna ofisi nyingi hapa zinazoendesha mfumo kwenye mashine iliyonunuliwa Kariakoo, imekaa chini ya meza, betri ya ubao inayotunza saa imeshakufa, umeme ukikatika ukirudi mashine inaamka ikidhani ni miaka kadhaa nyuma. Hapo kama Redis ilikuwa inahifadhi deta kwenye diski, vitu vilivyotakiwa kuwa vimeshaisha vinarudi vikiwa hai, na vitaendelea kuwa hai mpaka intaneti irudi na NTP (huduma ya kusawazisha saa kupitia mtandao) irekebishe saa, alafu ghafla vinaisha vyote kwa pamoja. Kwenye mashine ya hivyo kabla hata ya kufikiria Redis nunua betri mpya, weka chrony (programu ya kusawazisha saa), na uhakikishe Redis haiwashwi kabla saa haijasawazishwa.

Kwa upande mwingine hiyo tabia ya Redis ya kuandika saa kamili ina faida yake. Seva ikizimika dakika 15 na kiti kilishikiliwa kwa dakika 10, ikiwaka Redis inajua kabisa kwamba huyu muda wake umeisha wakati mimi nimezimika. Memcached ikizimika imesahau kila kitu, hamna cha kuisha wala kutoisha.

Kuna mtego mmoja wa Memcached nautaja haraka maana ni wa kizamani lakini bado unakamata watu: namba ya muda mpaka siku 30, yani 2592000, inasomwa kama "baada ya sekunde hizi", ikizidi hapo inasomwa kama tarehe kamili. Ukiweka siku 31, yani 2678400, Memcached inaelewa tarehe 1 Februari 1970, na kitu chako kinaisha kabla hujamaliza kukiweka. Hamna kosa linaloonyeshwa. Kache yako inakuwa tupu tu na databezi inaelemewa.

Kuisha sio kufutwa

Redis na Memcached zote mbili hazitakupa kitu kilichokwisha muda, zinaangalia wakati wa kusoma. Hiyo ni ahadi nzuri na zote zinaitimiza. Ila kufuta ni biashara nyingine. Redis inapita yenyewe nyuma ya pazia, kwa kawaida mara 10 kwa sekunde, ikiokota funguo (majina ya vitu vilivyohifadhiwa) chache bila mpangilio na kufuta zilizokwisha, kwahiyo ufunguo usiosomwa na mtu unaweza kukaa kwenye RAM muda fulani baada ya kuisha. Kwa anayesoma hauonekani, kwa RAM bado upo.

Hapa ndo panazaliwa lile kosa la kutumia taarifa ya "expired" ya Redis kama saa ya kengele. Watu wanasikiliza hiyo taarifa ili mteja akipitisha muda atumiwe SMS "ndugu mteja muda wako wa kulipia umeisha". Redis inatoa hiyo taarifa pale inapoufuta ufunguo, sio pale muda ulipofika sifuri, na kama programu yako ilikuwa imekatika mtandao wakati huo taarifa imepotea, hairudiwi. Ukiona SMS inachelewa dakika kadhaa usitafute mchawi. Kama unataka kitu kitokee saa fulani, tumia foleni ya kazi au hata cron (kipanga kazi cha mfumo) ya kila dakika, kache haijawahi kuwa kengele.

Alafu kuna upande wa pili ambao haujadiliwi kabisa: kitu kinaweza kuondoka KABLA ya muda wake. Memcached ikijaa inatupa vya zamani ili kupata nafasi, na ukiiwasha bila kuigusa nafasi yake ni megabaiti 64 tu. Redis kwa kawaida inakataa kuandika ikijaa kuliko kutupa, lakini wengi wakishabanwa na RAM wanaseti allkeys-lru (tupa kilichokaa muda mrefu bila kutumika) na hapo nayo inaanza kutupa, hata kile ambacho kilibakiza dakika nane. Yani muda unaoweka kwenye kache ni mpaka wa juu. Inakuambia "haitapita hapa", haijakuahidi "itafika hapa". Kwa picha za matangazo sawa, kwa kiti cha mtu aliyeko kwenye menyu ya kulipia ni hatari.

Na kama unasoma kutoka replika (seva nakala inayofuata seva kuu, masta), jua kwamba replika haifuti yenyewe, inasubiri masta imwambie futa. Kuanzia Redis 3.2 ukisoma kitu kilichokwisha kwenye replika unajibiwa hamna, ila inaangalia kwa saa yake yenyewe, kwahiyo saa mbili zisipolingana utapata majibu mawili kwa ufunguo mmoja. Kabla ya 3.2 ilikuwa inakupa tu kilichokufa.

Kiti cha basi: Redis dhidi ya jedwali la databezi

Tuiangalie hii kwa karibu. Abiria anataka kwenda Mwanza kesho alfajiri kutokea stendi ya Magufuli pale Mbezi, amechagua kiti namba 14, mfumo unamshikilia dakika 10 wakati analipa kwa simu. Njia ya Redis ni mstari mmoja:

SET kiti:mwanza:kesho:14 abiria881 NX PX 600000

NX inahakikisha kama kuna mtu ameshashika wewe hupati, PX 600000 ni dakika kumi kwa milisekunde. Ni safi na ya haraka, watu mia wakibonyeza kwa pamoja anapata mmoja. Kwa kushika hakuna kinachoishinda.

Shida inakuja kwenye kulipa. Mteja anatumiwa ile menyu kwenye simu aweke namba ya siri, anasita, simu inaita, anatoka kwenye menyu, anarudi, mwishowe analipa dakika ya 9 na sekunde 50, na jibu la mtandao wa simu linafika kwenye seva yako sekunde 20 baadae. Kwa Redis ufunguo haupo tena. Haupo kabisa, hata kumbukumbu kwamba abiria881 ndo alikuwa mshikaji imeondoka nao. Hela imeingia, kiti hakina mwenyewe, na pengine hakuna mtu mwingine hata aliyekitaka. Usahihi wa milisekunde 1 umekusaidia nini hapo? Umemnyima mtu kiti kwa usahihi mkubwa.

Njia ya databezi ni safu mbili tu kwenye jedwali la viti, mshikaji na mwisho. Mtu mwingine anaruhusiwa kushika kama mwisho umepita. Malipo yakifika unauliza hivi:

UPDATE viti SET hali = 'kimelipwa' WHERE namba = 14 AND mshikaji = 'abiria881' AND hali = 'kimeshikwa'

(Kwenye mfumo wa kweli utaongeza safari na tarehe, hapa nimefupisha.) Umeona hakuna sharti la muda hapo. Muda ukiisha maana yake ni kwamba wengine sasa wanaruhusiwa kukichukua, sio kwamba wa kwanza amefukuzwa. Kama hakuna aliyekichukua, malipo yaliyochelewa sekunde 10 yanakubaliwa kiroho safi. Kama yupo aliyechukua, mstari hautabadilika, unajua mara moja kwamba huyu wa kurudishiwa hela au kupewa kiti kingine. Na malipo na kiti vinaandikwa kwenye muamala mmoja wa databezi, vyote vikubali au vyote vikatae.

Kwa maoni yangu panapohusika hela hapa hakuna mjadala, kiti kiwe kwenye databezi, Redis itumike mbele yake kupunguza msongamano tu wakati wa sikukuu, mwezi wa kumi na mbili watu wote wanapotaka kwenda Moshi.

Ila hata databezi ina saa yake na vituko vyake. PostgreSQL ukiandika now() haikupi saa ya sasa, inakupa saa ambayo muamala ulianza. Muamala ukianza 10:09:58 ukakwama sekunde tano ukisubiri mwingine aachie mstari, now() bado inasema 10:09:58 wakati ukweli ni 10:10:03. Ukitaka saa ya kweli ni clock_timestamp(). MySQL nayo NOW() inashika saa ya kuanza kwa ile amri, SYSDATE() ndo inaangalia saa pale pale. Sio makosa, zimetengenezwa hivyo makusudi ili muamala mzima (kwa MySQL, amri nzima) uone muda mmoja, ila ukilinganisha "mwisho" na now() kwenye foleni ndefu utashangaa.

Na ile saa ya kushuka unayomwonyesha abiria kwenye skrini, usimpe saa kamili ya kuisha ukategemea simu yake ipige hesabu, simu za watu saa zake zinasoma anavyojua mwenyewe. Mpe sekunde zilizobaki, simu ihesabu yenyewe. Hata hivyo hesabu ya simu inaanza jibu likifika, na jibu limesafiri, kwahiyo simu itakuwa nyuma ya seva kwa muda wote jibu lililotumia njiani, na kwenye mtandao wa kusuasua hiyo ni sekunde kadhaa. Mwonyeshe dakika 10, wewe shikilia 11. Atakayebonyeza ikiwa imebaki 0:02 hatagombana na wewe.

Databezi za MongoDB na DynamoDB nazo zina kufuta kwenyewe, na hapa onyo ni fupi. MongoDB kazi ya kufuta inapita kila sekunde 60, na kabla haijapita nyaraka iliyokwisha bado inaonekana ukiisoma. DynamoDB wenyewe Amazon wanasema kitu kinafutwa ndani ya siku chache baada ya kuisha. Siku, mkuu. Hizo ni huduma za usafi wa deta, sio za muda. Ukizitumia lazima kwenye kusoma uweke sharti lako la muda mwenyewe.

Bei kikomo za mafuta: muda wa kuhesabu dhidi ya saa kamili

EWURA wanatangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa zinazoanza kutumika Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, saa 6:01 usiku. Mfano mzuri sana huu, maana hapa hautaki "baada ya masaa 24", unataka "saa ile pale".

Developa aliyezoea anaweka masaa 24 na kuondoka. Mtu wa kwanza akifungua Jumanne saa sita mchana, bei ya zamani itakaa mpaka Jumatano saa sita mchana, masaa kumi na mbili ya bei ya mwezi uliopita wakati bodaboda wote wameshajua mpya. Kache imefanya kazi kwa usahihi wa milisekunde, kilichokosewa ni swali.

Redis ina EXPIREAT kwa ajili ya hii, na kuanzia 6.2 SET yenyewe inapokea EXAT na PXAT, unampa saa kamili. Memcached unampa tarehe kamili kwa sekunde, ile ile namba inayozidi siku 30. Zote zinafaa. Pa kuangalia ni saa za eneo: seva nyingi ziko UTC (saa ya kimataifa), Laravel (fremuweki ya PHP) ukiisakinisha inaanza na UTC, na sisi tuko mbele masaa matatu. Saa sita usiku ya Dar ni 21:00 UTC ya siku iliyotangulia. Ukiandika "usiku wa manane" kwa UTC bei yako inabadilika saa tisa za usiku huku. Zuri ni kwamba sisi hatusogezi saa mara mbili kwa mwaka kama Ulaya, ukilipanga mara moja limekaa.

Lakini kuna njia ya tatu ambayo mimi naipenda kuliko hizo mbili, usitegemee kuisha muda kabisa. Weka kipindi kwenye jina la ufunguo, bei:petroli:2025-03, bei:petroli:2025-04. Programu inaangalia sasa ni kipindi gani na inasoma ufunguo wake. Bei mpya unaziweka mapema tangazo likitoka, saa 6:01 ikifika wote wanahamia jina jipya kwa pamoja, la zamani likae hata wiki mbili halimdhuru mtu. Muda wa kuisha unabaki kazi ya usafi tu ambako sekunde haina maana.

Tena hii inakuokoa na lile songombingo la funguo zote za mikoa yote kuisha sekunde moja na maombi yote kukimbilia databezi. Dawa inayotajwa siku zote ni kuongeza sekunde chache za bahati nasibu kwenye kila ufunguo ili zisiishe pamoja, na kwa vitu vya kawaida ni dawa nzuri, ila ona kwamba unapunguza usahihi makusudi: Dodoma inapata bei mpya, Temeke bado ya zamani. Kwa habari za burudani sawa. Kwa bei ya kisheria hapana.

OTP, kwa kifupi

Redis, bila ubishi. Dakika tano, ikiisha imeisha, ikipotea mapema mteja anaomba nyingine. Angalizo moja tu: ukiweka SET mpya juu ya ufunguo uliopo, muda wake wa kuisha unafutika. Mtu anahesabu majaribio, anasoma, anaongeza moja, anarudisha kwa SET, na kuanzia hapo ile OTP haifi milele. Tumia INCR ambayo inaongeza moja bila kugusa muda, au SET yenye KEEPTTL (baki na muda uleule) iliyokuja na toleo la 6.0.

Kache ya ndani ya programu

Kuweka vitu kwenye kumbukumbu ya programu yenyewe ni haraka kuliko zote, hamna safari ya mtandao. Na kwa upande wa saa maktaba nzuri ziko vizuri, cachetools ya Python na Caffeine ya Java zinatumia saa isiyorudi nyuma. Sababu ya kujali hilo ipo: usiku wa kuingia mwaka 2017 ile sekunde ya nyongeza (inayoongezwa mara chache kuoanisha saa na mzunguko wa dunia) iliifanya sehemu ya huduma ya DNS (inayotafsiri majina ya tovuti) ya Cloudflare ianguke kwa sababu programu iliyoandikwa kwa lugha ya Go iliona muda umerudi nyuma na hesabu ikatoka hasi. Mwaka huo huo Go 1.9 ikaja na kipimo cha muda kisichorudi nyuma.

Ubaya wake ni kwamba kila mchakato una kache yake. Una michakato minne ya Node (JavaScript ya upande wa seva) nyuma ya nginx (seva inayogawa maombi), kila mmoja ulijaza bei kwa wakati wake, mteja anarefreshi anaona 3,100, anarefreshi 3,050, anarefreshi tena 3,100. Kila mmoja yuko sahihi kwa saa yake na mteja anaona mfumo umezingua. Kwa vitu ambavyo vinabadilika mbele ya macho ya mtu, usitumie hii.

Kwenye Node pia usimwachie setTimeout (kipima muda chake) kazi ya siku nyingi, mwisho wake ni milisekunde 2147483647, kama siku 24.8, ukizidisha anachukulia milisekunde 1 na kufuta hapo hapo.

Na watu wa Laravel, kabla ya kubishana milisekunde angalieni toleo kwanza. Mpaka 5.7 namba ya tatu ya Cache::put ilikuwa dakika, kuanzia 5.8 ya mwaka 2019 ni sekunde. Mfumo wa zamani uliopandishwa bila kuguswa, 10 iliyokuwa dakika kumi sasa ni sekunde kumi. Hakuna tofauti ya Redis na Memcached inayokaribia kosa la mara 60.

Brauza, ambako huna mamlaka

Hapa chaguo ni kati ya heda mbili (maelezo yanayotangulia jibu la seva), Expires inayotaja saa kamili ya mwisho au Cache-Control: max-age inayotaja sekunde, na max-age inashinda zikiwepo zote mbili. Zote ni za sekunde nzima. Watu wanasema max-age haijali saa ya simu, ni kweli nusu. Kanuni ya kache za HTTP, RFC 9111 ya 2022, inamwambia mpokeaji alinganishe heda ya Date ya seva na saa yake mwenyewe ili akadirie umri wa jibu, na achukue umri mkubwa. Simu ikiwa mbele saa nzima, jibu la max-age=60 linaonekana lina umri wa dakika 60 tangu linafika, kwahiyo halitumiki, mteja anakula bando upya kila ukurasa. Simu ikiwa nyuma, umri unahesabiwa sifuri, hapo hakuna madhara. Yani kosa linaegemea upande wa usalama, ni spidi tu inayoumia.

Kikubwa zaidi ni kwamba tabaka zinajumlishana. Redis sekunde 60, nginx sekunde 60, brauza sekunde 60, na kama hakuna anayemwambia mwenzie umri wa deta kupitia heda ya Age, mtu wa mwisho anaweza kuona kitu cha dakika tatu zilizopita wakati kila tabaka lina muda wa dakika moja tu. Redis ndo haina kabisa pa kuipitisha hiyo Age, lazima wewe uifanye: ukitoa kitu Redis uliza PTTL (muda uliobaki kwa milisekunde), ugawe kwa 1000 upate sekunde, na hicho ndo ukiandike kama max-age. Ukitaka kupima mfumo wako chukua curl -i (inaonyesha heda pamoja na ukurasa wenyewe), angalia Date, Age na max-age mara kadhaa kwa dakika mbili tatu huku umebadilisha bei kwenye databezi, na andika sekunde ngapi zimepita mpaka bei mpya ilipotokea.